Bi Nani na Mlinzi Ambaye Hakuwepo

Mwenzangu mmoja kazini ameuliza swali lile lile miaka mingi hadi limekuwa jina lake. Ni mwalimu wa kusoma wa madarasa ya chini, na kila mwisho wa muhula huwa mtahini wa usemaji na uigizaji katika kituo kilicho shuleni kwetu. Mtoto akimaliza kuigiza mbele yake, yeye huweka penseli mezani na kumwuliza, "Sasa, mwanangu, maneno yale ulikuwa unamwambia nani?"

Wanafunzi wakaanza kumwita Bi Unamwambia Nani. Jina likawa refu mno la kupigia kelele uwanjani, wakalikata, akabaki Bi Nani. Analijua na halimkeri.

"Afadhali hilo," aliniambia siku moja, akijishika pua, "wangeweza kuangalia hapa wakapata lingine."

Mimi siku za mtihani hukaa kwenye korido, mbele ya milango ya vyumba viwili vya kutahinia, nikiita majina. Kwa hiyo niliyoyaona ninayaandika kama nilivyoyaona, na kama nitaonekana nimekasirika, ni kweli nimekasirika. Nimechoka kuona watoto wenye akili zao wakifundishwa kuwa wapumbavu, wazazi wao wakipiga makofi.

Mtihani wenyewe ni mfupi. Mtahiniwa anaingia, anasalimu, anataja kipande alichochagua, anakiigiza, kisha anakaa kuzungumza na mtahini juu ya alichokifanya. Basi. Lakini mitaani watu wameshaamua kwamba mtahini anatafuta vitu vitatu: sauti ya kutetemesha mabati, mikono inayozunguka kama feni, na machozi. Hasa machozi.

Bi Nani ana mazoea yake. Asubuhi ya mtihani, kabla hata hajaweka mkoba, anapanda juu ya kiti na kuitoa saa ya ukutani. Mara ya kwanza kumwona nilidhani inachelewa, anataka kuirekebisha. Akaniambia, "Hapana. Watoto wameambiwa wasimtazame mtahini machoni, watazame juu ya kichwa chake. Sasa juu ya kichwa changu kuna saa. Nimeshachoka kusikiliza watu wakiiomba msamaha saa."

Muhula mmoja alitoka chumbani mapumziko ya chai akiwa na uso wa furaha, jambo ambalo kwake ni nadra. Kijana wa darasa la nne alikuwa anaigiza mtu anayemweleza jirani jinsi mbuzi alivyokula nguo kwenye kamba. Katikati akasahau. Hakulia, hakukimbilia mlangoni kumtazama mwalimu wake. Akajikuna goti, akafikiri, kisha akasema, "Ngoja, jirani, nikumbuke vizuri, maana nikikosea utadhani namsingizia mbuzi." Halafu akaendelea.

"Hayo maneno hayamo kwenye kipande?" nilimwuliza.

"Hayamo kabisa! Ila alikuwa anamjua jirani yake. Nimempa alama mpaka mkono umeuma." Akanywa chai. "Wengine wote leo wamekumbuka kila neno, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mtu chochote."

Huyo ndiye Bi Nani. Anaishi kwa mdogo wake wa kiume, fundi makochi, tangu alipofiwa na mume. Mimi ni jirani yao, tunatenganishwa na ukuta mfupi ambao hausitiri harufu wala ugomvi. Mdogo wake ana binti mmoja, aliyemaliza masomo ya sekondari, msichana mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha kuamsha mtaa. Binti huyo alitaka kitu kimoja duniani: kuingia chuo cha ualimu wa sanaa. Chuo kinataka alama ya juu katika mtihani wa usemaji na uigizaji, na huchukua wanafunzi mara moja tu kwa mwaka.

Mtu angedhani mambo ni rahisi, mtahini yumo ndani ya nyumba. Lakini Bodi ya mitihani ina kanuni moja ambayo haina mlango wa nyuma. Mtahini hamfundishi wala hamshauri mtahiniwa wa kituo anachotahini. Bi Nani alikuwa ameshakula kiapo cha muhula huo. Ndipo baba mtu na binti wakaenda kimya kimya kumwandikisha kwa mkufunzi, wakisema watamshangaza shangazi mtu siku ya matokeo. Nani aliwaambia kwamba mtahini anapenda kushangazwa, sijui.

Mkufunzi mwenyewe mtaa mzima unamwita Machozi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungemfukuza. Huyu anawapenda watoto, anawanunulia maji, anawafuta jasho, kisha anawaharibu. Anachukua kipande na kalamu nyekundu na kuandika pembeni: hapa mkono kifuani, hapa kidole juu, hapa nyamaza, hapa lia. Wote wanapata kalamu nyekundu ile ile mahali pale pale. Na mfukoni anatembea na kopo dogo la dawa ya mafua ya kupaka, ile inayochoma pua. Dakika chache kabla ya jina kuitwa, anampaka mtoto chini ya macho. Mtoto anaingia chumbani machozi yakitiririka hata kabla hajasema "shikamoo".

Bi Nani aligundua mambo ya nyumbani kwake alipokuwa akichambua mchele jikoni. Akasikia sebuleni sauti ikisema, "Ewe mlinzi! Nakuomba!" Kisha kimya. Kisha kitu kizito kikaanguka sakafuni. Akatoka mbio akidhani mtoto amezimia. Akamkuta binti amepiga goti, mkono mmoja juu, macho kwenye dari.

"Shangazi!" binti akaruka, akacheka kwa aibu. "Umeniharibia! Tulitaka kukushangaza."

"Mmenishangaza," alisema Bi Nani, akarudi kwenye mchele wake.

Kipande alichopewa kilikuwa kizuri, nakiri. Ni maneno ya dada aliyefika hospitali saa za kutazama wagonjwa zimepita. Ndani kuna mdogo wake, na mlangoni kuna mlinzi. Kipande chote ni dada akimsihi mlinzi amruhusu. Hakuna uchawi hapo. Kuna mtu anayetaka kupita na mtu anayemzuia.

Jioni hiyo Bi Nani alikwenda kuijulisha Bodi kwamba mtoto wa mdogo wake ni mtahiniwa wa kituo chake. Wakampangia binti chumba cha pili, kwa mtahini mwingine, mwalimu mstaafu mwenye miwani mizito. Na kanuni ikabaki pale pale. Asimfundishe, asimshauri, asimwambie neno.

Hebu fikiri basi kilichofuata. Kila jioni, mtu anayejua kabisa kosa liko wapi anakaa jikoni, na kosa linafanywa mbele ya masikio yake. "Ewe mlinzi!" Puu, goti sakafuni. "Moyo wangu!" Paa, mkono kifuani. Kilio. Tena kutoka mwanzo. Mimi kwa upande wangu wa ukuta nilifunga dirisha. Yeye hakuwa na dirisha la kufunga. Alihamia nyuma ya nyumba kufua, na nguo za nyumba ile hazijawahi kutakata kama wiki zile.

Mdogo wake alimfuata huko kwenye kamba ya nguo. Nilikuwa naanika zangu, na ukuta, kama nilivyosema, ni mfupi.

"Dada, sema neno moja tu."

"Sisemi."

"Sio umfundishe. Mwambie tu, hapa sawa, hapa sio sawa."

"Na kufundisha ni nini kama si hilo?"

"Mtoto wa ndugu yako huyo! Damu yako! Unakaa unamtazama?"

"Simtazami. Namsikia. Ingekuwa kutazama, ningeweza kufumba macho."

"Dada, una roho ya jiwe wewe."

Bi Nani akakamua shati mpaka nikalionea huruma. "Wewe unapotengeneza kochi la mtu, ukaweka mbao mbovu ndani kwa sababu haionekani, unaniita nije nikupongeze? Huniiti. Na neno moja unaloliomba ndilo mbao mbovu ndani ya kiapo changu. Mngeniuliza kabla sijala kiapo, ningejitoa kwenye utahini muhula huu, nimfundishe mwenyewe. Hamkuniuliza. Mlitaka kunishangaza."

"Sasa hivi jitoe!"

"Nimeshakula kiapo, ratiba imetoka, watoto wa watu wamepangwa kwangu. Niwaache wao kwa sababu wa kwetu kachelewa?"

Mdogo wake akaondoka akigonga ndoo kwa mguu. Nilikuwa upande wa Bi Nani, na niko upande wake mpaka leo. Watu wengi wanataka uaminifu uwepo duniani, ila upite mlango wa jirani.

Siku ya mtihani ikafika. Bi Nani akapanda kiti, akatoa saa yake, akaingia kazini. Chumba cha pili saa ilibaki ukutani. Mimi nikakaa kwenye korido na majina yangu. Kutoka pale naona geti la shule lote, na siku hiyo lilikuwa wazi nusu. Mlinzi wetu amekaa kwenye kiti cha plastiki, kiatu kimoja amekivua kwa sababu ya kidole kinachomsumbua.

Machozi aliwaweka wanafunzi wake nje ya ukuta, kopo mkononi. Kadi zao zote za mtihani huzishika yeye, wasije wakazipoteza. Akaingia na wadogo kwanza. Akasahau kwamba binti wa fundi makochi yuko bado nje, na kadi yake anayo yeye mfukoni.

Binti akafika getini peke yake. Nilikuwa nimeanza kuita majina yaliyo karibu na lake, kwa hiyo nilinyanyuka nikasogea, nikasikia.

"Kadi," alisema mlinzi.

"Kadi yangu ameingia nayo mwalimu, baba."

"Bila kadi hupiti."

"Najua. Umeambiwa hivyo, na mimi ningekuwa wewe ningenizuia." Aliongea taratibu, akiwa ameinama kidogo kwa kuwa mwenzake amekaa. "Ila nisikilize kidogo. Wanaita majina sasa hivi. La kwangu likipita, limepita, na chuo hakinisubiri. Sikuombi unifungulie. Mimi nasimama hapa hapa, mguu sisogezi. Wewe mwite yule mwalimu anayeita majina. Akisema hanijui, nifukuze. Utakuwa umevunja sheria gani?"

Mlinzi akainua kichwa. Akamtazama juu, akamtazama chini. "Wewe binti una maneno."

"Sina maneno, baba. Sina muda."

Mlinzi akaangua kicheko, akaanza kutafuta kiatu chake kwa mguu. Binti akainama akamsogezea. Sikungoja kuitwa, nilisema namjua, akapita.

Ninawaomba wasomaji watulie hapo kidogo. Msichana huyu alikuwa amesimama mbele ya mlinzi wa kweli, akitaka kupita. Hakupaza sauti. Hakunyoosha kidole juu. Alimtazama mtu aliyekuwa anamwambia, akajua anaogopa nini, akamwambia kinachomfaa. Kila anachokitafuta mtahini kilikuwa pale getini, bure. Nilimfuata nyuma kwenye korido kwa furaha. Nilijisemea, huyu kesho yuko chuoni.

Kabla hajafika mlangoni, Machozi akatokea, kadi mkono huu, kopo mkono huu.

"Mwanangu, ulikuwa wapi! Njoo, njoo, macho makavu hayo!"

"Mwacheni," nilisema.

"Mwalimu, usiingilie mambo ya kitaalamu," akanijibu kwa heshima zote, akampaka.

Binti akaingia chumba cha pili akilia.

Mlango wa chumba hicho haufungi vizuri. Nilisikia yote, na kwa pengo lile niliona nusu. Alisimama, akainua macho yake mekundu, akaiambia saa ya ukutani, "Ewe mlinzi!" Mkono kifuani. Kidole juu. Kimya cha kalamu nyekundu. Goti. Kilio kikapanda mpaka kikavuka ukuta wa mbao unaotenganisha vyumba viwili.

Upande wa pili, msichana mdogo alikuwa mbele ya Bi Nani. Nikasikia Bi Nani akisema, "Samahani, mwanangu. Rudia tangu mwanzo. Sikukusikiliza, na kosa ni langu, si lako." Miaka yote niliyokaa kwenye korido ile, sijamsikia akimrudisha mtoto kwa sababu hiyo.

Kwenye chumba cha pili mtahini wa miwani akamwomba binti akae, akamsubiri afute pua.

"Huyo mlinzi," aliuliza, "ni kijana au mzee?"

Binti akaitazama saa ya ukutani.

"Haya. Alikuwa amesimama au amekaa?"

"Mwalimu hakutuambia," alisema binti.

Nilitamani kuingia nimkokote kwa mkono mpaka getini, nimwonyeshe. Badala yake niliita jina lililofuata, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Matokeo yalipotoka, binti alikuwa amefaulu, lakini chini ya alama inayotakiwa na chuo. Maoni ya mtahini yalikuwa mafupi: "Sauti safi, matamshi safi. Katika kipande chote sikumwona mlinzi."

Fundi makochi alikuja juu. Alisimama uani na karatasi akiisoma kwa sauti ili hata sisi tusikie. "Hakumwona mlinzi! Alitaka tumpeleke na mlinzi? Mbona hawakusema? Tungemkodi!"

Machozi alipopita kutoa pole alisema ni fitina ya watahini wazee. Akaongeza kwamba safari ijayo atampaka mapema zaidi, maana mara hii machozi yalikuja kwa kuchelewa. Alisema hivyo akimaanisha. Mtu kama huyo unamjibu nini?

Binti alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kicheko chake chote kimekwisha. Akamwuliza Bi Nani bila kumtazama, "Shangazi, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile ya mchele?"

"Tangu siku ile ya mchele."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Na iliniuma, na ingekuwa leo ningenyamaza tena. Ningekunong'oneza wewe, ningewaibia wale wengine ambao hawana shangazi."

Binti akaingia ndani akabamiza mlango. Ana haki ya kubamiza. Siku chache hawakusemezana, na nyumba ile ikawa kimya hata mimi nikafungua dirisha.

Ulikuwa umebaki mtihani mmoja kabla chuo hakijafunga maombi. Bi Nani akavaa gauni lake la kwendea ofisini, akaenda Bodi, akawaomba wamwondoe kwenye orodha ya watahini kabla ya kiapo kipya. Walimsihi. Walimwambia mtoto anaweza kupelekwa kituo kingine, na yeye aendelee kutahini. Akawajibu kwamba kituo kingine kiko mbali kiasi cha kulala huko, na mtu hawezi kukaa pande zote mbili za meza moja, hata meza ikiwa ndefu. Akarudi bila kazi aliyoipenda kuliko zote. Watu wa mtaani wakasema ameacha kwa aibu ya mtoto kushindwa. Waache waseme. Mdogo wake alipopata habari alishika kofia mkononi, akazunguka uani kama anatafuta kitu kilichoanguka.

"Dada, umeacha kwa ajili yetu?"

"Nimeacha kwa utaratibu. Nenda kakae, nina mwanafunzi."

Nilikuwa nimekwenda kurudisha sufuria, nikabaki mlangoni mwa jikoni. Bi Nani alikuwa anamenya viazi. Binti alisimama katikati, bado na kinyongo usoni, kipande chake mkononi na zile alama za kalamu nyekundu. Bi Nani akakichukua kwa mkono wenye maji, akakitandika chini ya maganda.

"Anza."

Binti akavuta pumzi, akainua mkono. Bi Nani akamtandika mkono ule kwa ganda la kiazi.

"Unamwambia nani?"

"Mlinzi."

"Yuko wapi?"

Binti akatazama dari, akatazama meza. Nikashindwa kujizuia. Kanuni ya watahini hainihusu, na hata ingenihusu, uvumilivu wangu ulikuwa umekwisha. "Mwulize shuleni getini aliongea na nani!"

Bi Nani akageuka. Nikamsimulia yote, kadi, kiti cha plastiki, na lile swali la sheria. Alisikiliza kisu kikiwa hewani, kisha akafumba macho muda mrefu, kama mtu anayeumwa jino.

"Dakika ngapi kabla ya kuingia?"

"Chache tu."

"Eh, mama yangu," alisema. Akafungua macho. "Haya. Mlinzi amesimama au amekaa?"

Safari hii binti hakutazama dari. "Amekaa," alisema polepole. "Kiti cha plastiki. Kiatu kimoja amevua, kidole kinamuuma. Amechoka, na anaogopa bosi wake."

"Mwombe huyo."

Akainama kidogo. Akaanza, na sauti yake ikashuka ikawa ya mtu anayesema na mtu. Hakuna aliyelia. Bi Nani aliacha kumenya.

Kutoka sebuleni fundi makochi akapiga kelele, "Mbona simsikii? Mwambie aongeze sauti!"

"Hasemi na wewe!" Bi Nani akamjibu, wala hakugeuka.